Kuruka kwa Tairi la Mbele, Kama Nilivyomweleza Mtoto wa Kaka Yangu

"Shangazi, tairi la nyuma linapanda vizuri, ila nikitaka kuruka tu, baiskeli inanikimbia mbele."

Ujumbe huo wa sauti ulinikuta nikitoka kazini, hapa Edinburgh, na nyuma ya sauti ya binti nilisikia adhana ya magharibi ya Ngamiani, mtaa wetu kule Tanga. Ana miaka 14. Baiskeli yake ni ya mtumba, inchi 24, ya milimani, na ameshang'oa kiti bila kumuuliza baba yake. Nilimjibu kwa ujumbe mmoja, ukafuata wa pili, mpaka nikahesabu kumi na moja. Nikaona heri niyaandike yote mahali pamoja, yamfae yeye na mwingine yeyote anayetaka kujifunza.

Mimi ni mtoto wa Tanga, mji ambao mwanamke kupanda baiskeli si habari. Mama alikuwa akienda sokoni kwa baiskeli na kurudi na kapu nyuma. Lakini baiskeli ya trialsi sikuijua mpaka nilipokuja huku, na nilianza nikiwa na miaka 37. Trialsi ni mchezo wa kupita juu ya vikwazo, iwe mawe, magogo au mabomba ya saruji, bila kuweka mguu chini. Ulikulia Catalonia, kule Uhispania, miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, watoto wakiiga yale waliyoyafanya wakubwa kwa pikipiki. Pere Pi, aliyekuwa mtu wa pikipiki za Montesa, alikuwa mmoja wa walioanzisha jambo hili, na mwanawe Ot alikuja kuwa bingwa wa dunia. Na huu mji ninaokaa ndio ule ambao Danny MacAskill, kijana wa kisiwa cha Skye aliyekuwa fundi wa duka la baiskeli, alirekodiwa na rafiki yake Dave Sowerby mwaka 2009 akifanya mambo ambayo dunia nzima iliyatazama. Kwa hiyo ukionekana bustanini hapa unarukaruka na baiskeli isiyo na kiti, watu hawakushangai sana. Wanakusalimia na kupita.

Sasa turudi kwenye tairi la mbele.

Kuruka kwa tairi la mbele ni hivi: umebana breki ya mbele mpaka tairi halizunguki kabisa, tairi la nyuma liko hewani, wewe umesimama juu ya pedali, na unaruka papo hapo, mara moja, mara mbili, mara kumi, tairi la mbele likigonga chini kama mpira. Anayetazama hudhani ni nguvu za mikono. Nami nilidhani hivyo, na miezi miwili yote niliipoteza nikivuta usukani kama anayeng'oa muhogo. Nilielewa siku nilipokumbuka ule mchezo wetu wa utotoni wa kuchora miraba mchangani na kuruka kwa mguu mmoja. Mule ndani huruki kwa kujivuta na mikono. Unauweka mwili wote juu ya ule mguu mmoja, na ukianza kuangukia upande fulani, mguu unaurukia upande huohuo ili uwe chini yako tena. Tairi la mbele ndilo mguu wako mmoja. Breki ndiyo kifundo chake: ikilegea, mguu umeteguka.

Kwa hiyo kabla ya yote, breki. Kaa pembeni ya baiskeli, bana breki ya mbele kwa kidole kimoja, sukuma baiskeli mbele kwa nguvu. Tairi la nyuma linatakiwa kuinuka na la mbele lisisogee hata kidogo. Likiteleza, usipande. Na hakikisha unajua leva ya mbele ni ipi, kwa sababu mitumba inatoka kila mahali: baiskeli za Uingereza huwa na breki ya mbele mkono wa kulia, za Ulaya bara mara nyingi mkono wa kushoto. Ile ya mtoto wa kaka yangu ni kushoto, naye alikuwa amezoea kulia. Nilimwambia akae nayo wiki nzima akiendea dukani tu, mpaka mkono uzoee.

Yangu ni ya inchi 20, ya zamani, niliinunua kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama mji. Ina breki za Magura HS33, zile za mafuta zinazobana rimu, na rimu zake zimekwaruzwa kwa grinda ili raba zing'ate. Huku mvua haiishi, bila mikwaruzo hiyo breki ingeteleza kama sabuni. Zinapiga kelele mbaya, lakini hazidanganyi. Wewe mwenye breki za kawaida za waya usikate tamaa. Osha rimu kwa sabuni ya kuoshea vyombo, ikauke, ipige msasa mwepesi pande zote mbili, sugua na raba zenyewe uso uliong'aa uondoke, kisha fundi akukazie waya. Kama raba zimekauka na kuwa ngumu kama ukucha, nunua mpya, si kitu cha gharama. Mafuta yasikaribie hapo. Naisema hii kwa uchungu: niliwahi kuazima baiskeli yenye breki ya diski, nikaipulizia cheni mafuta bila kuziba diski. Jioni nikabana breki ikashika nusu, nikaanguka nimetanguliza mkono. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivimba na wiki tatu sikushika hata ndoo. Kosa lilikuwa langu, na ndiyo maana sasa sipandi kabla ya kuijaribu breki hata kama niliipanda jana.

Kagua na shingo ya usukani. Bana breki ya mbele, tikisa baiskeli mbele na nyuma: ukisikia kitu kinagonga ndani, beringi zimelegea. Kaza nati za ekseli ya mbele, kaza bolti za usukani. Uzito wako wote utakuwa hapo. Upepo wa tairi la mbele mimi naweka pauni 30 hivi, na nina kilo 58. Tairi gumu sana halikurudishii mruko, na tairi laini sana linakunjika pembeni na tyubu hubanwa na rimu ikatoboka matundu mawili kwa mpigo. Ongeza au punguza kidogo kidogo mpaka uone tairi linadunda.

Foku, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ikiwa na springi inameza mruko. Kama ina kitasa cha kuifunga, ifunge. Kama haina, bado utajifunza, ila utasubiri springi irudi ndipo uruke, na miruko yako itakuwa ya polepole. Pedali ziwe bapa na zenye meno. Viatu vya soli laini. Helmeti, kinga za magoti, glavu. Sitaki mjadala kwenye helmeti.

Cha kwanza kujifunza, kabla hujainua chochote, ni kutoka. Kuna njia mbili. Ya kwanza: ukiwa bado hujapita mbele, achia breki, sukuma makalio nyuma, tairi la mbele litabingirika kidogo na la nyuma litashuka lenyewe. Ya pili ni pale ulipokwisha kupita, yaani unahisi mwili uko mbele ya usukani na hakuna kurudi. Hapo usiing'ang'anie baiskeli. Achia usukani, ruka juu yake miguu ikitangulia, utue umesimama na utembee hatua mbili tatu, baiskeli iangukie nyuma yako. Watu wanaumia kwa kushikilia. Nilifanya mazoezi ya kutoka kwa njia ya pili kwenye majani ya bustani ya Meadows, makusudi kabisa, mara 30 au zaidi katika siku mbili. Baada ya hapo woga uliisha, na mwili usio na woga hujifunza haraka. Mwenye baiskeli yenye kiti akishushe mpaka mwisho au akitoe, la sivyo kitamkwamisha hapohapo.

Ukishaweza kutoka, tafuta ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, wa kimo cha sentimita 10 hivi. Nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, umesimama, pedali zote mbili sawa, mguu unaoupenda mbele. Usiguse breki. Tairi linapogonga ukingo, kunja magoti kidogo kisha yanyooshe, makalio yaende juu na nyuma, na tairi la nyuma litainuka lenyewe. Ukingo umefanya kazi ya breki. Uzuri wake ni kwamba haukosei, unasimamisha tairi kila mara palepale, kwa hiyo wewe unashughulika na mwili tu. Rudia mpaka uone tairi la nyuma linapanda bila kulisukuma kwa hasira.

Halafu hamia mahali pa wazi, lami kavu, ikiwezekana yenye mwinuko mdogo, nawe unapanda kuelekea juu. Mwinuko unapunguza hatari ya kupitiliza. Mwendo uleule wa kutembea. Kidole cha shahada kimoja tu juu ya leva, vingine vinne vinashika usukani. Bana breki kama unavyokamua chungwa usilotaka kulipasua: polepole, kisha kwa nguvu, kisha usiachie. Tairi la nyuma likianza kuinuka, mikono inyooke, nyonga zirudi nyuma, visigino vipande na vidole vya miguu vielekee chini, nyayo zikizisukuma pedali kwa nyuma. Nyayo hizo ndizo zinazoizoa baiskeli na kuja nayo juu. Macho yatazame mita mbili mbele, si tairi. Ukitazama tairi, kichwa kinashuka, na kichwa ni kizito kuliko unavyofikiri.

Kuna kimo fulani ambapo baiskeli inakuwa nyepesi ghafla. Mikono haisukumi, haivuti, umening'inia tu. Kwangu mimi kinakuja ekseli ya nyuma ikikaribia usawa wa kiuno changu, na mimi ni mfupi, sentimita 157. Wengi wanaacha kabla hawajafika hapo kwa sababu safari ya kwenda inatisha kuliko mahali penyewe. Chini ya kimo hicho tairi la nyuma litakuwa linakuvuta chini kila sekunde na hutaweza kuruka hata ukiwa na mikono ya kuli wa bandarini. Ukikifikia, kaa nusu sekunde, achia breki, shuka. Fanya hivyo siku nyingi. Mimi nilikaa hapo Septemba nzima. Kijana mmoja jirani yangu, aliyekuwa ananifundisha Jumapili kwenye maegesho ya magari yaliyofungwa, alinikataza kabisa kuruka mpaka niweze kusimama kwenye kimo hicho mara kumi kati ya kumi na mbili. Nilimchukia kidogo. Sasa namshukuru.

Mruko wenyewe, ukifika wakati wake, ni mdogo mno. Ukiwa pale kwenye wepesi, lainisha viwiko na magoti kwa pamoja, uzito uliminye tairi. Tairi litakusukuma. Katika kusukumwa huko, inua mabega, vuta usukani uje karibu na tumbo, na miguu ifuate kwa kuzoa pedali juu. Vyote vitatu kwa pamoja. Tairi liondoke chini sentimita mbili, tatu. Kidole bado kimebana. Tua kwa viwiko laini. Achia, shuka. Umeruka mmoja.

Hapa ndipo lilipokuwa tatizo la mtoto wa kaka yangu. Alinitumia video na nikaiangalia polepole: kila aliporuka, mkono wote uliukaza usukani na kile kidole cha breki kikalegea pasipo yeye kujua. Tairi likizunguka robo tu, baiskeli inakimbia mbele na nyuma inashuka. Dawa yake ni kuzoeza kidole peke yake. Simama chini, bana breki ya mbele, na uinue sehemu ya mbele ya baiskeli uigongeshe chini mara 20, ukiangalia valvu ya tairi. Valvu ikibaki palepale, kidole kimeshika. Ikihama, anza kuhesabu upya. Alilalamika kwamba ni kazi ya kuchosha, nikamwambia ndiyo, ichoshe.

Kosa jingine, ambalo nililifanya mimi kwa muda mrefu, ni kuruka juu kupita kiasi. Mruko mkubwa unakutupa mbali na pale penye wepesi, na wa pili unakuwa wa kujiokoa tu. Miruko midogo iko kama kuruka kamba: ukishapata mdundo, tairi linakufanyia nusu ya kazi. Ukiusubirisha sana mdundo, tairi linakuwa limeshapoa na unaanza upya kwa nguvu za mikono.

Na sasa ile siri ya mguu mmoja. Kwenye mruko wa pili na wa tatu utaanza kupotea, hilo halikwepeki. Ukihisi unaangukia mbele, rusha tairi mbele kidogo, liende chini ya kifua chako. Ukihisi tairi la nyuma linazama, ruka ukilivuta tairi la mbele lirudi nyuma, yaani chini ya makalio. Ukielemea kulia, tairi liruke kulia. Usijaribu kukata usukani kama unavyofanya baiskeli ikiwa inatembea, maana tairi halizunguki, kukata kona hakukusaidii kitu. Unarukia kule unakoangukia. Mwanzoni mwili unakataa, unataka kwenda upande wa pili. Nilikuwa najisemea kwa sauti, "kulia, kulia, mbele," mpaka mpita njia mmoja na mbwa wake wakasimama kunitazama. Kusema kwa sauti kulinisaidia kuliko maelekezo yote niliyopewa. Miruko mitano mfululizo niliipata Januari, jioni ya giza. Desemba na Januari huku jua linazama kabla ya saa kumi au muda mfupi baadaye, kwa hiyo mazoezi yangu yalikuwa chini ya taa za barabarani.

Muda wa mazoezi: dakika 20, mara tatu kwa wiki, basi. Misuli iliyo kati ya kiwiko na kifundo ikianza kuwaka, kidole cha breki ndicho kinachochoka kwanza, na unajua kitakachofuata. Pumzika au nenda nyumbani.

Ukishapata miruko mitano, anza kugeuka. Katika kila mruko, kichwa kitangulie kutazama unakotaka kwenda, mabega yafuate, nyonga zibebe tairi la nyuma upande wa pili. Geuka kidogo tu kila mruko; robo duara kwa miruko mitatu au minne inatosha kabisa. Hii ndiyo faida halisi ya mbinu hii katika trialsi. Unajikuta juu ya jiwe lisilotosha magurudumu mawili, tairi la nyuma halina pa kukaa, na saa inakwenda, maana kwenye mashindano ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, kila sehemu ya vikwazo ina dakika mbili tu. Anayeweza kusimama kwa tairi la mbele anageuka hapohapo, anaitafutia nyuma mahali, anaiweka. Asiyeweza anaweka mguu chini na kuhesabiwa kosa.

Mimi napenda kuitumia pale Portobello, ufukweni, kwenye ukuta mfupi kati ya njia na mchanga. Naenda sambamba na ukuta, nasimama kwa tairi la mbele, naruka miruko miwili nikigeuka, na tairi la nyuma nalitua juu ya ukuta. Siri ya kutua ni kutoachia breki ya mbele mpaka usikie tairi la nyuma limekaa, na kubana breki ya nyuma kabla halijagusa, la sivyo linabingirika na kukuangusha mbele. Ukuta wangu wa kwanza ulikuwa mbao mbili zilizopangwa juu ya tofali. Anza na kitu cha kimo hicho.

Kwa walioko pwani nyumbani, mambo mawili ambayo huku sikufundishwa. Mchanga mwembamba juu ya lami ni adui, hata punje ambazo huzioni, kwa sababu tairi lililobanwa linateleza badala ya kung'ata. Fagia eneo la mazoezi kwa ufagio wa chelewa, mita tatu kwa tatu zinatosha. Na mikono ya jasho: kama huna glavu, beba kitambaa na uvifute vishikio kila baada ya majaribio machache. Alfajiri ni bora kuliko alasiri, lami ikiwa bado haijapata moto na watoto hawajajaa barabarani.

Kila mwisho wa wiki gonga spoku za gurudumu la mbele moja moja kwa kijiti. Zinatakiwa kulia karibu sawa. Inayolia kwa sauti nzito imelegea, mpelekee fundi aikaze kabla haijakatika na kuwapa wenzake mzigo wake.

Jana nimepata ujumbe mwingine. Hakusema neno, ni sauti ya tairi tu ikigonga lami ya barabara ya 12: moja, mbili, tatu, kisha kishindo, kisha anacheka. Nimemjibu aangalie valvu.